Dawa ya Nje, Dawa ya Ndani

Jumapili, 20 Aprili 1986

Mvua ilianza alfajiri na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, haijakoma. Si mvua ya kishindo. Ni ile inayotiririka polepole juu ya mabati, inayomfanya mtu abandike birika jingine la chai bila kujiuliza kama ana kiu. Mtaa wetu wa Makadara umetulia. Hata redio ya nyumba ya nyuma, ambayo Jumapili haizimwi, leo naisikia kwa mbali tu.

Nina furaha. Naiandika haraka kabla sijaanza kuichunguza.

Mama yuko jikoni. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu Ukambani, na hata nikiwaza kwa Kiswahili jina hilo halibadiliki. Anachambua maharage aliyokuja nayo kutoka nyumbani, huku akiimba wimbo wa kanisani, ubeti mmoja tu, kwa kuwa ndio anaoukumbuka. Mwezi uliopita hakuweza kuketi kwenye kigoda hicho. Kiuno kilimuuma kana kwamba amebeba magunia, homa ikampanda kila jioni na kumwacha alfajiri akiwa amelowa jasho. Leo anaimba.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo la leo. Amepona, au anahisi amepona, na kati ya hayo mawili kuna umbali ambao nimeshinda siku nzima nikijaribu kuupima.

Asubuhi, tukitoka kanisani chini ya mwavuli mmoja, alinitangazia kwamba Jumanne anapanda basi kurudi Machakos. Palizi imeanza bila yeye. Sindano zake zimebaki za wiki hii nzima, na vidonge anatakiwa avimeze mpaka katikati ya Mei. Akiondoka sasa, kule hakuna wa kumchoma sindano karibu, na vidonge namjua atavigawa kwa majirani wenye kuumwa kichwa. Homa hii ikiachwa njiani hurudi. Ikirudi hupenda mifupa, na wakati mwingine moyo. Sikumwambia la moyo. Nilitembea tu kando yake nikihesabu sababu zangu, na kila moja ikaonekana nyembamba.

Ugonjwa wenyewe ulitoka kwenye maziwa. Mwaitu hachemshi maziwa ya kibuyu. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti anaoujua yeye, kikafukizwa mpaka kinukie, kisha maziwa hutiwa mabichi na kuachwa yagande. Ukiyachemsha, husema, umeyaua. Hayagandi inavyopasa na ladha yake ni ya hospitali. Moshi ndio unaosafisha. Sitaki kuudharau moshi huo, kwa kuwa huenda unapunguza vijidudu vya namna fulani. Lakini bakteria aliyemwingia Mwaitu hutoka kwa ng'ombe, na kwa kadiri ninavyojua, moshi wa kibuyu haumwezi, na uchachu anaweza kuuvumilia kwa siku kadhaa.

Mimi pia niliyanywa Desemba, kutoka kibuyu kile kile. Kwa nini yeye na si mimi?

Sijui. Naliandika neno hilo hapa kwa urahisi. Kulitamka mbele ya watu ni kazi nyingine, kama nilivyogundua leo mchana.

Bakteria huyu si wa kupigana uwanjani. Akiingia mwilini hukutana na kinga tunayozaliwa nayo, ile isiyohitaji kufundishwa adui ni nani. Chembe za kinga hiyo humkuta asiye wa hapa, humkumbatia, humeza. Ndani ya chembe huundwa kifuko, mgeni akiwa katikati, kisha vifuko vidogo vyenye vimeng'enya vikali huja kuungana nacho na kummwagia. Wengi huishia hapo. Huyu haishii hapo. Kwa namna ambayo bado haijaeleweka vizuri, huweza kuzuia vifuko hivyo visimfikie, akatulia humo, akala, akazaana. Chembe iliyommeza inageuka kuwa nyumba yake, tena nyumba inayotembea, inayompeleka hadi kwenye ini, kwenye wengu, kwenye uboho wa mifupa. Na ile homa ya jioni iliyomtesa Mwaitu haikuwa kazi ya mdudu peke yake. Chembe zinapomeza na kushindana, hutoa kitu kinachouambia ubongo upandishe joto. Tulipokuwa tukimpangusa jasho, kinga yake ilikuwa ikipiga kelele.

Ndiyo sababu dawa ni mbili. Sindano ni ya streptomisini, inayowapata walio nje ya chembe. Vidonge ni vya tetrasaiklini, vinavyoweza kuwafuata ndani. Daktari wa kliniki alieleza hivyo kwa upole, akaongeza kwamba vidonge visimezwe pamoja na maziwa kwa kuwa maziwa huvizuia. Tangu hapo Mwaitu anakunywa chai ya strungi na kulalamika kwamba hospitali imemnyang'anya maziwa yote, mabaya na mazuri.

Sasa nifike kwenye kazi yangu, kwa sababu ndiyo iliyoleta kisa cha leo.

Kwenye maabara ya chuo sishughuliki na bakteria wa Mwaitu. Ni hatari mno kwa vyumba kama vyetu. Nashughulika na ndugu wa yule anayeleta homa ya matumbo, ambaye kwa panya weupe huishi vivyo hivyo, ndani ya chembe zilizommeza. Huwa naosha tumbo la panya na kupata chembe walaji, kisha nazipa bakteria kwenye visahani na kuziacha zimeze. Baadaye natia streptomisini kwenye maji yake ili kuwamaliza waliobaki nje, kwa kuwa dawa hiyo, tulivyofundishwa, haiingii ndani ya chembe. Halafu nangoja. Mwishoni nazipasua chembe na kuhesabu walio hai ndani.

Kwa miezi kadhaa hesabu zimekuwa za kupendeza. Bakteria wanapungua. Nimeandika, kwa maneno niliyoyachagua kwa uangalifu, kwamba chembe za panya ambaye hajawahi kuugua huwaua wengi wao zenyewe, kabla ile kinga nyingine, ya kujifunza, haijafika. Ijumaa natakiwa kuyasema hayo mbele ya idara. Wiki jana, wakati wa chakula cha jioni, nilimweleza Mwaitu kwa Kikamba, pengine kwa kujivuna kidogo. Alikula ugali wake akinitazama. Nilidhani anasikiliza kwa adabu tu.

Leo mchana tulikuwa tumekaa wote wawili jikoni, ungo wa maharage mapajani mwake, sababu zangu bado hazijapata mlango wa kutokea, mlango wa nyumba ulipogongwa.

"Hodi wenyewe! Mmelala na mvua?"

Alikuwa Mama Zeinabu, jirani wa mlango wa pili, anayeuza leso na vitambaa kwa jumla na ambaye sauti yake hufika kabla yake. Aliweka bakuli la kaimati mezani, akavuta kiti bila kungoja kukaribishwa.

"Mama, waonaje hali leo?"

"Mimi mzima, mwanangu. Jumanne naenda zangu."

"Jumanne! Na sindano?"

"Uliza panya wa huyu." Mwaitu alinielekezea kidevu. "Ni yeye mwenyewe ameniambia. Iko chembe kwa mwili, inameza mdudu, inaua. Peke yake! Panya hajalala hospitali, hajachomwa sindano, na mdudu amekwisha. Sasa kati ya mimi na panya, nani mkubwa?"

Mama Zeinabu alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Haya, daktari wa panya, jibu! Leo umeshikwa na mwenye mji."

Sikucheka. Nilikuwa na majibu, na yote yalikuwa ya pembeni. Ningeweza kusema bakteria wako si yule wa panya wangu. Ni kweli. Ningeweza kusema kisahani si mwili. Hilo pia ni kweli, na lingemfanya aniulize kwa nini basi nimekesha na visahani mwaka mzima. Lakini chini ya majibu hayo kulikuwa na jambo nililokuwa nikilikwepa tangu asubuhi ya kwanza kule kliniki, nilipomwona muuguzi akivuta dawa kutoka kichupani na kulisoma jina lake. Ilikuwa ile ile iliyo kwenye rafu yangu. Swali lilinijia papo hapo, nami nikalifukuza kwa kumshikia Mwaitu kitambaa chake cha kichwa. Dawa hii ikikaa na chembe kwa muda mrefu, kuna hakika gani kwamba itabaki nje? Ikijipenyeza kidogo kidogo, basi ndani ya visahani vyangu muuaji alikuwa nani?

Nikaona wazi nilivyobanwa. Nikiitetea karatasi yangu ya Ijumaa, Mwaitu ana haki ya kuondoka Jumanne. Nikitaka abaki, lazima niitilie shaka karatasi hiyo kwa sauti, mbele ya mgeni, huku kaimati zikipoa.

"Mwaitu," nikasema, "wale panya nadhani niliwasaidia."

"Uliwasaidia vipi?"

"Nilitia dawa kwenye maji ya chembe zao. Hii hii unayochomwa wewe."

Aliacha kuchambua. "Kumbe! Unawapa panya dawa kwa siri, halafu unasifu damu yao?"

"Sikujua nawasaidia. Nilidhani dawa inabaki nje."

"Na sasa umejua inaingia?"

"Sijui. Nashuku."

"Subhanallah," akasema Mama Zeinabu, akichukua kaimati ya pili. "Na huyu ndiye anayefundisha watoto wa watu chuo kikuu."

Nilihisi uso ukipata moto. Halafu, jambo la ajabu, moto ule ukapita, na nyuma yake hapakuwa na aibu niliyoitarajia. Palikuwa na wepesi fulani. Sijui niueleze vipi.

Lakini Mwaitu hakuwa amemaliza nami.

"Kama hujui," akasema taratibu, "basi huwezi kuniambia mimi sijapona."

"Siwezi. Ninachoweza kukuambia ni mahali wanapojificha."

Niliinama juu ya ungo. Miongoni mwa maharage aliyokuwa ameyatenga palikuwa na moja lenye duara dogo ubavuni, kama dirisha lililofungwa. Kila aliyelelewa Ukambani analijua dirisha hilo. Ndani kuna fukusi aliyekwisha kukua, anayengoja kutoboa na kutoka. Nililiweka kwenye kiganja chake.

"Ukitia majivu kwenye gunia, anayekufa ni yupi?"

"Yule anatembea nje."

"Na huyu?"

"Huyu hata hajui kama kuna majivu. Amekaa kwake."

"Akitoka?"

"Akitoka akute majivu, anakufa. Akitoka akute nimepepeta majivu yote nimetupa..." Hakumaliza. Aliligeuza harage kati ya vidole. Kisha akanikazia macho. "Lakini mimi si harage."

"Wewe si harage, Mwaitu."

"Wewe gunia zima, Mama!" akadakia Mama Zeinabu, na sasa hata Mwaitu alicheka, kile kicheko chake cha kifuani ambacho sikukisikia Machi yote.

Nilimweleza kwamba sindano ndiyo majivu, na vidonge ndiyo dawa inayojaribu kuingia kwenye harage lenyewe. Kwamba kuhisi nafuu maana yake wale wa nje wamepungua na kelele zimetulia, lakini hakuna anayeweza kumchungulia ndani aseme maharage yote ni mazima. Kwa hiyo tunaendelea kwa muda ambao madaktari wameona kwa wagonjwa wengi kwamba unatosha. Wengine hupona mapema zaidi. Huenda yeye ni mmoja wao. Nililisema hilo pia, ingawa halikunisaidia.

Ninapoandika naona mfano wangu ulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ni kubwa. Harage halipigani. Chembe hupigana. Hata inaposhindwa kumwua aliye ndani yake, humpunguzia kasi. Chembe nyingine huja kuizingira pale kwenye ini au wengu, zikamfungia mahali pamoja. Na kwa muda huo huo habari hupelekwa kwa chembe za ile kinga ya kujifunza, ambazo zikifika hutoa kitu kinachowapa walaji nguvu ambayo hawakuwa nayo mwanzoni. Mwaitu hakuwa gunia lililokaa kungoja majivu. Mwili wake ulikuwa umeushika ugonjwa huu wiki nyingi, kule nyumbani, kabla yeyote wetu hajamwuliza habari za maziwa. Nilipaswa kumwambia hivyo. Nitamwambia.

Yeye alirudi kwenye maharage, akalitupa lile lenye dirisha kwenye bati la taka, akatafuta mengine ya namna yake, kwa makini kuliko mwanzo. Mimi nilitaka sana kuongeza neno.

"Mwambie ndugu yako apalilie," akasema mwishowe, bila kuinua kichwa. "Lakini asiguse mstari wa kunde. Mutua hajui kunde, hajui magugu. Ataning'olea yote."

"Nitamwambia."

"Na mimi sirudi kwa sindano na wewe. Unatembea kama mtu amefukuzwa na polisi. Nafika kliniki nikihema, muuguzi anadhani homa imerudi." Aligeukia kule kwingine. "Mama Zeinabu, wewe asubuhi unapita wapi?"

"Napita hapo hapo, Mama. Twende wote polepole, tukitoka nikuonyeshe leso mpya. Huyu muache akimbie na panya wake."

Wakapanga saa ya kuondoka, wakaelewana kuhusu mvua, na wala hawakuniuliza chochote. Nilikuwa nimekwisha kutolewa kwenye shughuli. Nilikula kaimati zilizobaki, zikiwa baridi, na zilikuwa tamu.

Nimekaa sasa nikijiuliza ni nini hasa kilichombakisha. Je, ni kule kukiri kwangu? Ni harage? Au ni matembezi ya polepole na mtu anayemchekesha, baada ya majuma ya kuburutwa na binti mwenye haraka? Ningependa kusema ni sayansi. Lakini yote matatu yaliingia kisahani kimoja, mchana mmoja, na sina kisahani cha pili cha kulinganishia. Nimechoka kuandika hitimisho zuri kuliko ushahidi wake.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitakwenda kwa mkuu wa idara na kumwomba Ijumaa niseme jambo jingine. Nitaanza upya na visahani vya namna mbili: kimoja dawa itakaa kwa muda mfupi tu, kisha niioshe kabisa; kingine niiache kama nilivyozoea. Nikikuta tofauti, mwaka wangu mzuri utakuwa umepungua sana. Nimejaribu kuhuzunika juu ya hilo tangu Mama Zeinabu aondoke, na sijafaulu.

Swali ninalobaki nalo ni hili. Nikikuta kwamba chembe hizi haziui kwa wingi kama nilivyoandika, ila humshikilia tu yule aliye ndani mpaka msaada ufike, nitaweza kusimama Ijumaa na kulieleza hilo kama ugunduzi, wala si kama udhuru? Na ikiwa hata hilo sitakuwa na hakika nalo, nitaweza kusema sijui?

Leo nimelisema mbele ya watu wawili. Mmoja alicheka, na mwingine amekubali kukaa nami hadi Mei.